Nyama ya Siri

Dada yangu alipoanza kukonda nilimtania. Sijivunii, ila ndivyo nilivyo: wengine wakiogopa hulia, mimi hutania. Nilimwambia gauni lake la kazini sasa linatosha kuingia yeye na mgeni mmoja. Akacheka kidogo kwa pua, pua yenyewe ndiyo iliyokuwa chanzo cha balaa lote.

Mambo yalianza na mafua. Mafua ya kawaida, ya kunywa maji moto ya ndimu na kulala umejifunika gubigubi. Yalimshika wiki moja, na yalipoondoka yalibeba kila kitu, kama mpangaji mwenye kinyongo anayehama na balbu za mwenye nyumba. Harufu ikaenda. Ladha ikaifuata. Na Dada ni mpishi mkuu wa jiko la chuo cha ualimu, mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni na kukwambia sufuria ya tatu imekosa chumvi bila hata kuifunua. Sasa alikuwa anatafuna kitunguu kibichi kama mtu anayetafuna kona ya daftari. Siku alipowatilia chumvi mara mbili wanachuo mia tatu, wakamaliza tangi la maji kabla ya saa nane, alivua aproni akaenda mwenyewe ofisini kuomba likizo.

Kazi ingemngoja. Mkuu wa chuo alimwambia hivyo, na alimaanisha, kwa sababu aliyeshika mwiko badala yake alikuwa anapika kama mtu anayelipiza kisasi. Kilichotutia hofu ni kwamba Dada aliacha kula. Hakugoma. Alikaa mezani vizuri, akapeleka kijiko mdomoni, akatafuna mara mbili tatu, kisha uso wake ukawa kama wa mtu aliyekwenda kituoni kumpokea mgeni na mgeni asishuke. Kijiko chini. "Nimeshiba," anasema. Ameshiba nini, upepo?

Daktari wa pua na koo alisema ladha inaweza kurudi baada ya miezi, na inaweza isirudi; hilo alimwachia Mungu. Mizani hakumwachia Mungu. Kila Alhamisi Dada alipanda juu yake, na kila Alhamisi mshale ulirudi nyuma. Alhamisi ya nne daktari akavua miwani, akasema kwa upole kwamba akipungua tena wiki ijayo, hata nusu kilo, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Dada alisimama tulipofika getini, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.

"Mimi nimelisha watu tangu nina miaka kumi na mitano," akasema. "Silishwi kwa mpira."

Tulikuwa na siku saba.

*

Tuko watatu. Dada ndiye wa kwanza. Mimi ni wa kati, fundi wa makochi. Kutwa nabandua vitambaa vya watu na kukuta chini ya sponji vile walivyopoteza: vijiko, funguo, meno ya bandia, siku moja barua ya mapenzi ambayo nilimrudishia mwenye kochi bila kusoma zaidi ya mara mbili. Dada aliniita Kidomo tangu nilipoanza kusema, na jina limenikaa. Wa mwisho ni Kitinda, kinyozi, ana miaka thelathini na minane na kitambi, lakini kitinda mimba ni kitinda mimba hata akiwa na wajukuu.

Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka minne na mimi saba. Baba akaenda mbali kutafuta kazi. Naona bado anaitafuta. Dada akaacha shule akapata kibarua cha kufagia kwenye bekari, na kila jioni alirudi na mkate uliokosa mnunuzi, ule ulioungua ubavu au uliotoka tanurini umepinda kama kofia iliyokaliwa. Kwa hiyo mkate kwetu ulikuwepo. Tatizo lilikuwa cha kutia ndani yake.

Watoto wenzetu walibeba sandwichi. Sisi tulibeba mkate wa kufumba, ndivyo Dada alivyouita, na ulikuwa na sheria moja: ukishafumbwa haufumbuliwi. Hakuna kufunua kipande cha juu na kuchungulia. Unauma, unatafuna, halafu jioni unamwambia Dada kulikuwa na nini ndani, na aliyepatia haoshi vyombo. Sisi tuliona mchezo. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina kochi la mteja mbele yangu na pini mdomoni, ndipo sababu iliponijia: mtoto akifunua mkate ataona, na akiona atalalamika.

Na ya kulalamikia yalikuwepo. Dada alitia ndani ya mkate kila kilichokubali kulala kati ya vipande viwili. Ndizi mbivu na kitunguu na chumvi. Maharage baridi yaliyopondwa na sukari. Wali wa jana uliokandamizwa na kukamuliwa limau. Utando wa maziwa aliokuwa akiuomba kwa jirani mwenye ng'ombe, akaukunja kama shuka. Maganda ya chungwa yaliyochemshwa hadi yakalegea, na hayo nakwambia yalikuwa matamu, usikunje uso. Tuliuma, tukabahatisha, tukaosha vyombo kwa zamu, na hatukujua kwamba tuna shida hadi tulipokuwa wakubwa watu wakatuambia.

Uliokuwa juu ya yote ni mkate wa nyama ya siri. Haukuja kila siku. Ulikuja mwisho wa wiki mbaya, siku ambayo asubuhi hapakuwa na kitu kabisa na sisi tulikwishaanza kununa. Dada alikuwa anatufukuza jikoni, tunasikia kikaango kinalia, kisha anatoka na mikate miwili iliyofungwa kwenye karatasi. "Leo mna nyama ya siri," anasema, "na mtu asiulize." Ulikuwa na kitu katikati, cha kahawia, kigumu kidogo, kinachopasuka chini ya meno halafu kinakuwa laini, kina chumvi na harufu ya kitunguu. Sikuwahi kuosha vyombo siku hiyo. Sote wawili tulisema nyama, na Dada alisema tumepatia.

*

Kwa hiyo ile Alhamisi tulipotoka kliniki, mimi na Kitinda tulikutana kwenye saluni yake tukakubaliana. Vyakula vya sasa vimeshindwa. Supu imeshindwa, mayai yameshindwa, nyama ya kuchoma ambayo Kitinda aliibeba kama anapeleka mahari imeshindwa. Tumrudishie vya utotoni. Ulimi ukisahau kila kitu, tulisema, hauwezi kumsahau aliyeulea. Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walikubali kwa vichwa, na mmoja aliyekuwa kwenye kiti naye akakubali hadi Kitinda nusura amtie mfereji kisogoni.

Ijumaa nilimpelekea ndizi na kitunguu. Dada anakaa vyumba viwili nyuma ya chuo, na jiko lake ni kona moja ya chumba cha mbele: jiko la gesi la mafiga mawili, meza yenye mguu uliofungwa waya, na masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa kama wanafunzi wa gwaride. Akauma kwa adabu. Akatafuna.

"Ndizi na kitunguu," akasema. "Ndizi imezidi kuiva."

Nikaruka kitini. Nilidhani ladha imerudi. Akatikisa kichwa, ameujua kwa ulaini wa ndizi na mlio wa kitunguu, meno yamejua, ulimi haujui. Akauweka mkate chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Naukumbuka sana, Kidomo," akasema. "Ndiyo maana siuwezi. Mdomo unakaa unangoja, na hakiji kitu."

Ningekuwa na akili ningesikiliza maneno hayo vizuri. Badala yake nikaenda kumwambia Kitinda kwamba ndizi zilikuwa za kuiva mno.

Jumamosi Kitinda alipeleka maharage na sukari. Dada akauma mara mbili tu. Jumapili nikapeleka wali na limau, Dada akauma mara moja, akanisifia nilivyoukandamiza. Jumatatu Kitinda alimtafutia utando wa maziwa hadi akaupata, akaukunja kama shuka, na Dada alipouona machozi yalimlenga, akaukataa kabisa. Hapo Kitinda akanikasirikia mimi. Alisema wazo lilikuwa langu. Nikamwambia wazo lilikuwa lake, langu lilikuwa limau. Tulinuniana hadi jioni.

Habari ilikuwa imesambaa. Ukiwa na karakana yenye mlango wazi na mdomo kama wangu, watu wanajua mambo yako kuliko wewe. Kila aliyeleta kochi aliacha na hadithi ya mkate wake wa utotoni. Dereva wa lori alikuwa akila mkate uliotiwa majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na sukari. Mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, alininong'oneza kwamba bibi yake alimtilia viazi vya kukaanga vya jana vilivyolowekwa kwenye siki. Mwalimu wa hesabu alisema dawa ya meno. Nikamuuliza mara mbili. Akasema ya meno, ile nyeupe, na kwamba hadi leo akipiga mswaki anasikia njaa. Nilicheka nao wote na sikuandika hata mmoja. Nilikuwa natafuta wa kwetu. Wa watu ulinihusu nini?

Jumanne nilipitia kwa Dada nikamkuta amekaa kitandani anafunga mkoba. Ndani aliweka khanga mbili, sabuni, kandambili. Nikamuuliza kama anasafiri. Akasema Alhamisi wakimlaza asianze kuhangaisha watu kumletea vitu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kugawa zamu za kumenya viazi. Mkono wake ulipopita kwenye zipu niliona pete ya mama inamzunguka kidoleni kama bangili.

*

Kitinda ndiye aliyeikumbuka nyama ya siri. Jumatano asubuhi alifunga saluni, jambo ambalo hajalifanya hata siku ya harusi yake, akaja karakana akihema kwa nguvu, kifurushi kwapani. Alikuwa amekwenda kwa mwenye bucha na kumweleza: nyama kavu, ya kahawia, ngumu kidogo, ipasuke halafu ilainike. Yule bwana akamchagulia nyama iliyokaushwa, akaipiga kwa nyundo hadi ikawa kama jani. Kitinda aliinyosha mbele yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa nyama ya heshima.

Tukaipika kwa Dada, sisi wenyewe, yeye tukamweka mezani na kumkataza kugeuka. Alikaa ametupa mgongo, mabega yametokeza chini ya blauzi, anatuelekeza kwa masikio: kikaango hicho bado hakijapata moto; geuza sasa; mnaunguza kitunguu, nasikia. Kitinda akafumba mkate, akaufunga kwenye karatasi kama zamani, akaenda kumpa kwa mikono miwili.

"Leo una nyama ya siri," akasema. "Na mtu asiulize."

Dada akauma. Akatafuna, akatafuna, akaacha. Akauangalia mkate kwa makini. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona anafanya kile alichotukatazia: akafunua kipande cha juu akachungulia.

"Hii nini?"

"Nyama ya siri," akasema Kitinda.

"Naona ni nyama. Nani kawaambia ilikuwa nyama?"

Tukatazamana. Kitinda akasema, wewe. Dada akasema yeye alisema nyama ya siri. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, na la pili, akaweka mkate mezani na kucheka, si kwa pua, kwa kifua chote, hadi akashika meza na mguu ule wa waya ukalia. Nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu mafua. Kitinda alisimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, sura ya mtu aliyeambiwa kwamba shule aliyosoma haikuwahi kujengwa.

Naye alikuwa na haki. Kitinda alijivunia ile nyama utoto wake wote. Aliyebisha kwamba si nyama alipigana naye. Alikuwa akibadilishana nusu ya mkate huo na mtoto wa mwenye bucha, kwa yai zima la kuchemsha, na mtoto wa bucha, anayelala kwenye nyumba inayonukia maini, alikuwa anarudi kuomba tena.

"Basi ilikuwa nini?" akauliza.

Dada akainuka. Ilibidi ashike kiti kwanza. Akaja jikoni, akatusogeza kwa nyonga kama anavyowasogeza wasaidizi wake, akachukua mkate uliobaki akakata bila kutazama. Vipande sita. Akavipanga juu ya ubao viwili viwili, mafungu matatu, akivigusa kwa kidole. Hakufikiri, mkono ndio uliokumbuka. Halafu akachukua vile viwili vya fungu la mwisho, akavilaza kwenye kikaango kikavu, akavikandamiza kwa kijiko hadi vikawa vya kahawia karibu na weusi. Akavisugua kwenye mabaki ya kitunguu chetu. Chumvi kidogo, kwa kuibahatisha. Akachukua kimoja akakilaza ndani ya fungu la kwanza, akafumba. Cha pili ndani ya fungu la pili, akafumba. Akampa Kitinda mmoja, akanipa mimi mmoja.

Niliuma. Sitaki kusema mengi. Kilipasuka, kikalainika, na nilikuwa na miaka minane, nimevaa viatu vya Dada vilivyotiwa karatasi mbele.

"Mkate," akasema Kitinda na kinywa kimejaa. "Ulitutilia mkate ndani ya mkate."

"Na ukaula," akasema Dada. "Ukauza na mwingine."

Kitinda akaanza kunung'unika kuhusu yai la mtoto wa bucha, kwamba sasa amejua yeye ni tapeli tangu darasa la kwanza. Mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa naangalia ubao. Kazi yangu ni vipande: mteja akileta kitambaa najua kwa jicho kitatosha mito mingapi na kipi kitapungua. Ubao ulikuwa mtupu. Vipande sita, mafungu matatu, mikate miwili.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nini?"

"Siku hizo. Ulikuwa unakula nini?"

Dada akachukua kitambaa akaanza kufuta kikaango ambacho bado kilikuwa na moto. Akasema yeye alikuwa anakwenda bekari. Akasema bekari alfajiri, wakifungua tanuri la kwanza, ile harufu ilikuwa inaingia hadi tumboni, na ukiwa na miaka kumi na mitano unaweza kufagia hadi saa sita kwa harufu peke yake. Alisema hayo kama anaeleza njia ya kwenda posta.

Kitinda akaacha kutafuna. Mimi nikamnyooshea mkate wangu, ulioumwa mara moja.

"Onja basi ulichokuwa unatupa," nikasema.

Aliupokea kwa kuniridhisha. Alijiandaa, nilikwishaujua uso huo, uso wa kwenda kituoni. Akauma. Jikoni pakasikika ule mpasuko mdogo, mkavu. Nikangoja aweke chini.

Akauma tena.

"Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa," akasema.

Hakusema na sisi hasa. Alitafuna polepole, kichwa amekiinamisha upande, anausikiliza. Akasema unapasuka. Akasema huku nje laini, katikati unapiga kelele, halafu unakubali. Nikamwuliza kama ladha imekuja. Haikuja, alisema, ni karatasi kama karatasi nyingine. "Lakini huu sikuwahi kuula. Haya mengine yote nayajua, nikiyala naona kilichokosekana. Huu hatujuani. Hauna cha kunilaumu."

Akavuta kiti akakaa na kuendelea. Nilijua tukimkodolea macho ataacha, kwa hiyo nikamgeukia Kitinda nikamwambia aende akamtafute mtoto wa bucha, amrudishie yai lake na miaka thelathini ya riba. Kitinda akasema yule siku hizi ana maduka matatu na shingo kama ya fahali, niende mimi. Tukabishana hivyo kwa bidii, tukiangalia dirishani, hadi tuliposikia anapangusa makombo mezani. Mkate ulikuwa umekwisha. Kitinda akasukuma mbele yake nusu ya wake.

Ile nyama ya heshima tulimwachia paka wa jirani? Thubutu. Kitinda aliibeba nyumbani kwake ndani ya karatasi ileile.

*

Jioni alikula mwingine. Safari hii nilikata mimi vipande, na Kitinda alivisimamia kikaangoni kama anayenyoa bwana harusi. Alhamisi asubuhi nilipokuja kumchukua nilimkuta ameshakula, makombo yako kwenye meza, na ule mkoba uko mlangoni umefungwa. Niliubeba.

Kliniki tulikuta muuguzi peke yake, mwanamke mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani, daktari hajafika. Dada akavua viatu. Akavua na mkufu, kwa uaminifu wake wa kijinga, nami nikatamani ningemtia mawe mfukoni. Akapanda. Mshale ukaenda, ukasita, ukarudi, ukatulia.

Muuguzi akainama akasoma. Akafungua faili akasoma la wiki iliyopita. Akainama tena.

"Palepale," akasema. "Hujapungua. Mshale umekaa palepale."

Dada alishuka taratibu akavaa kiatu kimoja, akakaa nacho hivyo. Muuguzi alisema daktari mwenyewe ndiye atakayeamua, ila kwa alivyomjua, asiyepungua halazwi. Atamwambia arudi Alhamisi. Kisha akachukua kalamu, maana faili lilikuwa na sehemu ya kujaza.

"Umekula nini?"

"Mkate," akasema Dada.

"Na nini?"

"Na mkate."

Muuguzi akaniangalia mimi, kama watu wanavyomwangalia ndugu wa mgonjwa wakitaka ukweli. Nikamwambia ndivyo, mama, mkate na mkate, na nikamweleza kwa kifupi, kwa kifupi changu mimi, kwa hiyo alipata na bekari na bucha na dawa ya meno ya mwalimu wa hesabu. Alisikiliza hadi mwisho. Dada akamalizia kwa kusema kwamba shida ni moja, huo mkate baada ya siku chache atakuwa ameuzoea, nao utaanza kumdai kama mingine. Anahitaji chakula asichokijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo nilipokumbuka watu wote walioacha mikate yao karakana kwangu, nami nikaicheka nikaiacha ipite mlangoni. Majani ya chai na sukari. Viazi vya jana vya siki. Nikaanza kuihesabu kwa vidole, na Dada akawa anaitikia kwa kichwa mmoja baada ya mwingine kama anaandika oda ya jiko: huo ndiyo, huo ndiyo, wa dawa ya meno mwache na mwalimu wake.

Muuguzi alikuwa ameweka kalamu chini. Alitazama mlango kuhakikisha daktari hajafika, akavuta kiti karibu na Dada, akapunguza sauti.

"Mimi marehemu mama yangu alikuwa ananitilia tango," akasema, "na sukari ya unga. Na pilipili manga. Watu huwa siwaambii."

Dada alikuwa bado na kiatu kimoja. Akamgeukia mwili mzima.

"Huo sijawahi kuula," akasema. "Tango alikuwa analimenya, au anaacha ganda?"